Nyuki Waliohamia Kichwani mwa Nyemo

Akina mama wenzangu, kabla sijawaeleza ndoto niwaeleze maneno, maana yalianza maneno, ndoto ikafuata.

Maneno niliyapata bombani. Aliyeyaleta ni wifi yangu Sechelela, na Sechelela akileta jambo haleti nusu. Alisema ng'ambo ya reli kuna mtoto wa kike ambaye nyuki wamemwingia kichwani. Hawakumuuma. Waliingia tu wakakaa. Mama yake akasikia mvumo akadhani ni mafua. Maua yalipokwisha huko kwao, nyuki wakaondoka kufuata maua mengine, na mtoto akaondoka nao. Mara ya mwisho ameonekana anatembea kandokando ya reli, wingu la nyuki liko juu yake, anaimba.

"Nani kamwona?" nikamuuliza.

"Watu."

"Watu gani, Sechelela?"

"Wifi, kama unataka jina na kitambulisho nenda polisi. Mimi nakupa habari. Na ndoo yako imejaa, inamwagika."

Wanawake wote pale wakacheka. Mmoja akasema mimi hata kuku akipiga chafya nampeleka zahanati. Nikacheka nao, lakini yale maneno nilirudi nayo nyumbani pamoja na maji. Nikapika nayo, nikala nayo, nikafua nayo.

Sababu ni kwamba asubuhi ile ile nilikuwa nimemsuka Nyemo, mwanangu wa pekee, yuko darasa la kwanza. Nywele zake ni laini, msuko haukai. Baba yake alikuwa ameacha kipande cha nta, ile anayopaka ndani ya mizinga mipya kabla hajaitundika mtini. Mzinga ukipakwa nta, nyuki wanapita, wanasikia harufu, wanahamia wenyewe bila kuitwa. Mimi nikaiyeyusha ile nta na mafuta ya alizeti, nikampaka mtoto kwenye mistari ya nywele. Ikalala vizuri, inang'aa. Nikajisifu mpaka nilipofika bombani.

Na mwaka huu hapa Mtavila alizeti zimechanua mpaka nyuma ya choo. Ukifungua mlango unakuta njano. Nyuki wako kila mahali.

Basi usiku wa kuamkia leo nikaota.

Ni asubuhi. Nyemo amekaa uani kwenye kigoda, anakunywa uji. Kwenye mstari wa katikati wa nywele zake anatokea nyuki. Anajifuta miguu kwenye sikio la Nyemo, kama mtu anayetoka nyumba iliyopigwa deki, anaruka kwenda shambani. Anatokea mwingine, naye anajifuta. Anatokea mwingine.

"Nyemo," nasema, "una nini kichwani?"

"Wamehamia, mama." Anapuliza uji wake. "Wana adabu. Walibisha hodi."

"Ukawaambia nini?"

"Nikasema karibuni. Si ulisema mgeni akibisha hodi akaribishwe?"

Ni kweli nilisema. Mgeni ni mgeni. Nikawauliza wale nyuki kama wanakunywa uji. Mmoja wao, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kukaa ofisini, akashukuru, akasema wao wanakula cha maua tu. Akaomba pia, kama haitakuwa usumbufu, mtoto asiruke kamba siku mbili hizi, kwa sababu ndani wanajenga na kuta hazijakauka.

Pale uani kwetu kuna mkwaju, na kwenye mkwaju Baba Nyemo ametundika mzinga mpya. Ule mzinga ukakohoa.

"Mama Nyemo," ukasema, "mimi sisemi kitu."

"Sema tu."

"Sisemi. Nimechongwa nikachongeka. Nimepakwa nta nikapakika. Nimetundikwa hapa mvua yangu, jua langu. Wakapita, wakanichungulia, wakasema asante tutafikiria. Halafu wakaingia kwa mtoto. Mimi sisemi kitu."

"Kwani kwa nini wameingia kwa mtoto?"

"Unaniuliza mimi? Sheria si ndiyo hiyo hiyo? Chenye uwazi ndani kikipakwa nta ni nyumba. Hakuna aliyesema lazima kiwe gogo."

"Kichwa cha mwanangu hakina uwazi."

"Juzi ulimwita mara ngapi akachote maji, akakusikia?" mzinga ukauliza. "Mimi sisemi kitu."

Nikaona huu mzinga unanipotezea muda. Nikamshika Nyemo mkono nikamwoshe nywele kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, nta yote itoke. Lakini nilipogeuka, jiko halipo. Ua haupo. Tumesimama katikati ya shamba la alizeti, ndefu kunizidi, zote zimetugeukia kama waumini wakati wa matangazo. Nyemo bado yuko kwenye kigoda chake. Uji bado una mvuke.

Katikati ya mistari ya alizeti anakuja mwanamke mnene, kanga kiunoni, anafagia. Anafagia petali zilizoanguka, anaziweka kwenye ungo, anapepeta, anasonga mbele.

"Shikamoo," nikamwamkia, maana alikuwa mkubwa.

"Marahaba. Sogeza mguu."

Nikasogeza mguu, akafagia nilipokuwa nimesimama.

"Samahani, wewe ni nani?"

"Msimu," akasema. "Leo ndiyo namalizia huku kwenu. Jua likigusa bati la kanisa nafunga. Maua yanahamia porini, kwenye miti. Maua yakienda, nyuki wanafuata. Nyuki wakienda, nyumba yao inafuata."

"Mizinga haifuati nyuki, mama. Tangu nizaliwe sijaona mzinga unatembea."

"Mizinga haina miguu," akasema Msimu. Akamwangalia Nyemo kuanzia juu mpaka chini. "Huyu anayo."

Nyemo alikuwa ameshavaa ndala. Akaniwekea bakuli mkononi, akajipangusa mdomo, akasimama. Juu ya kichwa chake nyuki wameanza kuzunguka, na ule mvumo si mbaya, akina mama, ule mvumo ni mzuri, kama mtu anayeimba akiwa na chakula mdomoni. Nyemo naye anaimba.

"Mama," anasema, "chakula cha jioni msinisubiri."

Anasema kama anakwenda dukani. Hana huzuni hata kidogo. Mtoto akilia utamvuta, utambeba, utamdanganya na muwa. Mtoto anayeondoka anafurahi utamshika wapi?

Nikatazama jua. Lilikuwa linatembea haraka, kama limeitwa.

"Nataka kuongea na mkubwa wao," nikasema.

"Piga hodi," akasema Msimu, akaendelea kufagia.

Nikapiga magoti nyuma ya mwanangu, nikaweka mdomo kwenye njia ya msuko, nikabisha hodi. Walinzi wakatoka, wakaninusa pua, wakaninusa mikono.

"Harufu yako si ya humu," wakasema.

"Mimi ndiye niliyeizaa hii nyumba."

Wakatazamana. "Mama kazaa nyumba," mmoja akaita ndani. "Anataka kuonana na Malkia."

Malkia akatoka taratibu, mrefu, amechoka, anapepewa huku na huku. Nikamweleza yote. Nikamwambia huyu ni mtoto wangu wa pekee, ana miaka saba, jino la mbele limeng'oka juzi, hajui hata kufunga kamba za viatu, porini kuna fisi, kuna miiba, kuna mashimo.

"Wangu wanatoka alfajiri," akasema Malkia, "na si wote wanaorudi."

"Na unalala?"

"Silali. Lakini si kwa wasiwasi, ni kwa kazi." Akawasogeza wanaompepea. "Nakuelewa, mama mwenzangu. Lakini mimi siwezi kuamuru tu watu wakalale nje. Nitoke hapa niende wapi?"

"Kuna mzinga pale kwetu. Mpya."

"Ule unaosema hausemi kitu?"

"Huo huo."

"Tulikaa nao kidogo tu tukaumwa kichwa. Hatuhamii kwenye nyumba inayonung'unika."

Jua lilikuwa limefika kwenye mti ulio nyuma ya kanisa. Nyemo amepiga hatua kuelekea njia ya porini, mimi namfuata kwa magoti, mdomo wangu uko kichwani mwake.

"Basi njooni kwangu," nikasema. "Kichwani kwangu. Ni kikubwa zaidi."



"Una nta?" akauliza Malkia.

Nikajikumbuka. Mikono niliyomsukia sikuiosha, nilijipangusia kwenye nywele zangu mwenyewe, kama tunavyofanya sote. "Ninayo."

"Basi litangaze jambo hilo mbele ya mkutano. Kwetu hatusemi nyumba iko wapi. Tunacheza. Ukicheza vizuri watakuja kukagua."

Jamani, mimi nimecheza harusini. Nimecheza kanisani. Sijawahi kuchezea roho ya mwanangu. Nyuki wakatua kwenye majani ya alizeti, wakapanga safu, wakangoja. Nikaanza na mabega, yale mabega ya kumtoa bibi harusi. Sikumaliza hata mzunguko, nyuki kundi zima wakaondoka kama jiwe la manati. Wakarudi wana vumbi.

"Tumefika," wakasema. "Ni tangi la maji la shule. Tumebisha, limejaa."

"Sikusema tangi!"

"Bega la kushoto limesema tangi."

Nikaweka kiuno. Wakaondoka tena. Wakarudi.

"Ni kofia ya katekista," wakasema. "Mwenyewe alikuwemo."

Hapo nikasikia kicheko ninachokijua. Alizeti iliyosimama mbele ya zote, yenye uso mkubwa kuliko zingine, ilikuwa ni Sechelela. Petali za njano zimemzunguka uso, majani mawili ameyaweka kiunoni.

"Wifi, aibu hiyo! Unacheza kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda."

"Sechelela, umekuwa alizeti?"

"Tangu asubuhi. Usibadilishe mazungumzo. Unawaambia nyuki waende huko na huko, kiuno kinasema hiki, bega linasema kile. Wewe unawapa nini? Si kichwa? Cheza kwa shingo! Wewe ni Mgogo wa wapi usiyejua kutumia shingo?"

Nyemo akarudi hatua mbili, maana mtoto hapitwi na ngoma. Akanipokonya lile bakuli, akamwaga uji uliobaki, akalibana katikati ya magoti kama bibi zake wanavyobana ngoma ya muheme, akaanza kupiga. Bakuli la plastiki, lakini lilitoa sauti ya ngozi.

Nikacheza kwa shingo. Nikasahau mabega, nikasahau nani ananiona. Shingo mbele, shingo nyuma, kichwa kinasema kipo hapa, kipo hapa, kipo hapa. Alizeti zote zikaanza kufuata, nyuso za njano mbele, nyuma, mbele, nyuma, na Sechelela anapiga vigelegele mpaka petali zinamdondoka. Msimu akasimamisha ufagio. Akatingisha kidole gumba cha mguu, mara moja tu, halafu akakumbuka kazi.

"Tumepaelewa," wakasema nyuki. "Tunakuja kukagua."

Wapelelezi wakaingia kwa sikio la kulia. Niliwasikia wanatembea ndani, wanagonga kuta, wanaitana. Wakakaa kuliko nilivyotegemea. Walipotoka, yule mwenye sauti ya ofisini akasimama kwenye pua yangu.

"Mama, humu kuna watu."

"Watu gani?"

"Kuna mtoto ameanguka kisimani. Tumempita, tukamkuta yule yule juu ya mti, tawi limevunjika. Chumba cha tatu yule yule amemeza kifungo. Kuna mbwa wa jirani, ana kichaa."

"Mbwa wa jirani hana kichaa."

"Humu anacho. Kuna basi limekata breki. Kuna mto umefurika. Kuna homa mbili, moja haina hata mgonjwa. Na huyo mtoto kila chumba yupo. Wote hawa wanaishi humu?"

"Wanaishi," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

"Nyumba ni nzuri," akasema. "Dari iko juu, hewa inapita. Lakini lazima tusafishe."

Nikasema safisheni. Ni nani mwenye nyumba akatae kusafishiwa?

Nyuki wanavyosafisha mmewaona. Wanamkokota aliyekufa mpaka mlangoni, wanamwangusha chini. Ndivyo walivyofanya. Wakatoa kisima, wakakiangusha. Wakatoa tawi lililovunjika. Wakatoa kifungo, mbwa, basi na abiria wake. Vyote vilitoka sikioni vikaanguka miguuni pangu, na vilipofika chini vilikuwa vidogo, vikavu, miguu juu. Basi zima lilikuwa sawa na mbegu ya alizeti. Nikashangaa. Kitu hicho kilikuwa kinaniamsha saa zote!

Lakini mkono wangu hauna adabu. Nikajiona nimeinama, naokota. Nikaokota mto.

"Huu niachieni," nikasema. "Mvua hazijaisha kabisa."

Nikaokota na homa. Homa huwezi kuitupa hivi hivi. Nikaokota mbwa, kwa tahadhari.

"Mama," akasema yule nyuki, "tunahamia nyumba au tunahamia ghala?"

Nikainua macho. Jua limefika ukingoni mwa bati la kanisa, bado kidogo kama upana wa kidole. Alizeti za nyuma zimeanza kuinama, moja moja, kama watu wanaozimiwa taa. Na Nyemo ameacha ngoma. Bakuli liko chini. Yuko njiani tayari, mgongo tu ndio naona, na mistari ya nywele inayong'aa, na lile wingu juu yake. Anaimba. Hageuki.

Ngumi yangu imeshika mto, homa na mbwa.

Nikaifungua.

Vikaanguka. Havikutoa hata sauti.

"Bado kimoja," wapelelezi wakaita kutoka ndani. "Kipo chumba cha mwisho, kimebana mlango." Nikasikia wanavuta, wanahesabu, wanavuta. "Hakitoki. Kimejengewa ukutani."

"Ni kitu gani?" Malkia akauliza kule kule juu ya Nyemo, na sauti yake ikanifikia kama yuko kando yangu.

"Ni huyo huyo mtoto. Safari hii hajaanguka popote. Amekuwa mtu mzima, ameshika begi, anaaga."

Sechelela, na mnamjua sasa, akainamisha uso wake wa njano.

"Kiacheni," akasema Malkia. "Hicho hata mimi ninacho. Tutajenga sega juu yake."

Wakaja. Ilikuwa kama kupita kwa kanga kubwa iliyotoka kamba ya nguo, ikanifunika uso, ikaingia yote kwa masikio mawili, na mimi nikawa navuma. Kule njiani Nyemo akasimama. Akajishika kichwa. Akageuka, uso umekunjamana kama mtoto aliyeamshwa.

"Mama, nina njaa," akasema.

Sijawahi kusikia neno zuri kama hilo.

Alikuwa anarudi mbio, ndala moja imemtoka, na mimi nimenyoosha mikono, ndipo jua likagusa bati. Bati likalia tang. Alizeti zote zikainama. Msimu akaweka ungo kichwani, akanishika kiwiko.

"Haya mama, vaa ndala. Twende."

"Niende wapi?"

"Porini. Maua yanaenda, nyuki wanafuata, nyumba inafuata. Na wewe miguu unayo."

Jamani, hilo sikulifikiria! Nikamwambia siendi. Nina maharage jikoni, nina mbuzi anayekaribia kuzaa, nina mtoto ana njaa. Msimu akasema hayo kila mtu anayo. Akavuta. Akina mama, yule ndiye anayeondoa mvua, ndiye anayevua miti majani, ana nguvu. Akavuta mkono wangu ukarefuka mpaka karibu na barabara.

Lakini kichwa hakikutoka pale kilipokuwa.

Akaweka ungo chini, akavuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu kwenye kigoda, akavuta. Hakikusogea. Akanizunguka, akanigonga kichwa kwa kidole, akatega sikio.

"Kuna kitu humu kimejengewa ukutani," akasema.

"Kipo," nikasema.

"Hii nyumba ina msingi." Akasema kwa hasira kidogo, kama fundi aliyekuta ukuta ambao si wake. Akamwita Malkia. "Mtafanyaje? Hii haihamishiki."

Malkia akachungulia kwa sikio langu la kushoto. "Basi tutakuwa tunakwenda porini asubuhi na kurudi jioni. Mbona watu wengi wanafanya hivyo."

Msimu akasonya. Akajitwika ungo wake wa petali, akaondoka, na kule alikopita shamba likawa la kahawia nyuma yake. Nyemo akanifikia, akaniwekea sikio tumboni, akasikiliza.

"Mama," akasema, "unavuma."

Nikaamka.

Jua limeshapanda. Nikakimbilia kitandani kwa Nyemo. Amelala, mdomo wazi, pengo linaonekana. Nikamfunua nywele mstari kwa mstari. Nywele tu. Nikamnusa. Nta, na harufu ya mtoto. Nikamwachia alale, leo si siku ya shule, nikajifunga kilemba, nikaenda nje kuosha vyombo. Nilikuwa nimeosha sufuria mbili ndipo nikagundua kwamba naimba.

Sechelela akaingia uani kuazima kinu.

"Wifi, umeamkaje? Mbona leo hujanipokea na ugonjwa wa mtu?"

"Hakuna anayeumwa."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akaniangalia kwa wasiwasi. Alitaka kuniwekea mkono kwenye paji la uso. Hapo ndipo nyuki akaja. Hakutoka kwenye alizeti, alitoka upande wa porini, juu juu, anarudi mzito. Akasimama hewani mbele ya uso wangu. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imebeba unga, na unga wenyewe haukuwa njano ya alizeti. Ulikuwa wa rangi ya machungwa yaliyoiva, wa miti ya mbali, ambayo kwetu hapa haipo hata mmoja. Akaenda kushoto mwa kilemba changu. Akaenda kulia. Akarudi katikati, kama mtu aliyekuta amefungiwa mlango.

Sechelela akavua kanga ya mabegani ampige.

"Mwache," nikasema, nikainua ukingo wa kilemba kidogo kwa kidole.

Nyuki akajifuta miguu kwenye sikio langu. Akaingia.

"Wifi!" Sechelela akapiga kelele, kanga iko juu hewani. "Nyuki kaingia kichwani kwako!"

"Ndiyo."

"Na huogopi?"

"Nikiogopa nitauweka wapi huo woga? Hakuna nafasi. Kinu kiko nyuma ya mlango, chukua."

Kwa hiyo nawaandikia akina mama wote wa Mtavila na wa ng'ambo ya reli, msije mkasema hamkuambiwa. Zingatieni haya:

Msipake nta kwenye nywele za mtoto. Pakeni mafuta ya kawaida, msuko ukifumuka ufumuke.

Msijipangusie nta kichwani baada ya kusuka. Osheni mikono.

Msimfundishe mtoto kusema karibu kabla hajatazama aliyebisha hodi.

Msicheze kwa mabega karibu na nyuki. Mtawatuma mahali ambapo hamkukusudia.

Mzinga mpya msiuache unung'unike. Utundikeni mbali na nyumba.

Nyuki akisimama mbele ya uso wako usimpige wala usimpulizie. Tulia kwanza ujue anakwenda wapi.

Na nyuki wakikutolea kitu kichwani wakakiangusha chini, hata kama unakifahamu, hata kama kilikuwa cha mtoto wako, usiiname kukiokota.